Nani Anajibu? Hotuba kwa Walimu kuhusu Teknolojia Darasani

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa walimu, wakuu wa shule na wazazi. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani hazimo.)

Ndugu walimu, wakuu wa shule, wazazi mliojumuika nasi, hamjambo?

Naomba nianze na swali, na kila mmoja ajibu kimoyomoyo. Umeme ukikatika katikati ya kipindi chako, kompyuta ikazimika na projekta ikazimika, ni kujifunza gani kutakakokoma? Sisemi kufundisha. Nasema kujifunza. Je, kuna mtoto aliyekuwa anafikiri kwa msaada wa chombo kile, na sasa amekwama? Au wote walikuwa wanatazama tu, na sasa wameacha kutazama?

Swali langu la leo ni fupi, nami nitalirudia mara nyingi: nani anajibu? Kila chombo mnachokiingiza darasani, kiwe cha gharama kubwa au cha bure, kipimeni kwa swali hilo. Nani anajibu, na mwalimu anayaona majibu wakati gani? Ikiwa anayejibu ni yule mmoja wa mbele ambaye mkono wake huwa juu siku zote, chombo hakijasaidia kitu. Ikiwa wanajibu wote, lakini mwalimu anayaona majibu wiki mbili baadaye akisahihisha madaftari, chombo kimefanya nusu ya kazi, na ile nusu muhimu zaidi imebaki.

Twende Peru. Mwaka 2005 mtaalamu wa teknolojia Nicholas Negroponte alitangaza mpango wa kumpa kila mtoto kompyuta mpakato yake, kompyuta ndogo, ngumu, ya bei nafuu. Nchi nyingi ziliupokea, na Peru ikaugharamia kwa kiwango kikubwa kuliko karibu nchi zote, ikasambaza mamia ya maelfu ya kompyuta mashuleni. Zilikuwa na vitabu vya kielektroniki takriban 200 ndani yake. Watafiti wakazifuatilia shule 319 za vijijini, nyingine zilizopata kompyuta na nyingine ambazo hazikupata, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Watoto walizitumia kompyuta? Ndiyo, walizitumia sana. Alama za hisabati na lugha zilipanda? Watafiti hawakuona tofauti.

Kwa nini? Vifaa vilifika, lakini namna ya kufundisha haikubadilika. Shule nyingi hazikuwa na intaneti, walimu walipewa mafunzo machache, na watoto walitumia zaidi programu za kuandikia, kikokotoo, michezo na muziki. Hakuna aliyekuwa amepanga mtoto aulizwe nini, ajibu nini, na jibu lake limfikie nani. Msiondoke hapa mkisema kwamba kompyuta ni mbaya. Ondokeni mkisema kwamba kompyuta haiji na somo ndani yake.

Sasa linganisheni na Nikaragua, miaka 30 nyuma ya hapo. Mwaka 1974 ulianza mradi wa kufundisha hisabati ya shule ya msingi kwa redio. Redio ya kawaida, ndugu zangu, chombo ambacho hakimsikii mtoto wala hakimwoni. Lakini waandishi wa vipindi vile walifanya jambo moja la busara kubwa: mtangazaji aliuliza swali, kisha akanyamaza. Akanyamaza kwa makusudi, kwa sekunde zilizopimwa, ili darasa zima lijibu kwa sauti, au liandike, au lihesabu kwa vijiti. Kisha akatoa jibu sahihi, mtoto akajipima papo hapo, na swali lingine likafuata. Kipindi kilichukua kama nusu saa, halafu mwalimu akaendeleza kazi mwenyewe. Madarasa yale yaliyapita kwa mbali madarasa yaliyofundishwa bila redio.

Nani alikuwa anajibu? Wote! Chombo duni kilichopangwa vizuri kilifanya kazi ambayo chombo bora kisichopangwa hakikuifanya. Kwa mtu anayeandaa kipindi cha kurekodiwa leo, iwe sauti au video, funzo ni la moja kwa moja: andika vituo vya kunyamaza ndani ya maandishi yako. Swali jepesi la kukumbuka lipe sekunde tatu hadi tano. Swali la kuhesabu kwenye daftari lipe 20 au 30. Wengi hukata ukimya huu wakati wa kuhariri kwa sababu unasikika mrefu kwenye spika. Usiukate. Ndani ya ukimya ule ndimo mtoto anamofanyia kazi.

Jambo la tatu ndilo nitakalokaa nalo muda mrefu, kwa sababu halihitaji fedha nyingi na linaweza kuanza kesho.

Eric Mazur ni profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Wanafunzi wake walikuwa wanamsifu, na walikuwa wanakokotoa maswali magumu ya mtihani. Kisha akawapa jaribio la dhana nyepesi kabisa za nguvu na mwendo, maswali yasiyo na hesabu. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ayajibuje: kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe? Hebu lifikirini swali hilo. Maana yake ni kwamba kichwani mwa kijana yule kulikuwa na fizikia mbili, moja ya darasani na nyingine ya maishani, na hazijawahi kukutana. Matokeo ya jaribio yakathibitisha hivyo. Kuanzia mwaka 1991 Mazur akabadili namna ya kufundisha.

Hatua zake ni hizi. Mwalimu anafundisha kwa dakika chache, kisha anaweka ubaoni swali moja la kuchagua jibu. Dakika moja ya kimya, kila mtu anafikiri peke yake. Kila mtu anapiga kura, wote kwa pamoja. Mwalimu anaangalia. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, hakuna wa kumsaidia mwenzake, kwa hiyo anarudi kufundisha kwa njia nyingine. Wakizidi asilimia 70, anaeleza kwa ufupi na kusonga mbele. Wakiwa katikati ya hapo, hapo ndipo penye utajiri: anawaambia kila mmoja amtafute jirani mwenye jibu tofauti na ajaribu kumshawishi, kwa dakika mbili au tatu. Kisha kura ya pili. Kisha maelezo.

Nini huharibika? Linaloharibika mara nyingi zaidi ni kuonesha matokeo ya kura ya kwanza ukutani kabla ya mjadala. Programu nyingi huonesha mchoro wa kura wenyewe pasipo kuulizwa. Wanafunzi wakiona mstari wa B ni mrefu, mjadala umekufa, kwa maana kura ya pili itafuata wengi badala ya kufuata hoja. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuficha matokeo. Usipoiona, funika lenzi ya projekta kwa kipande cha kadibodi kwa nusu dakika wakati unaangalia, usiiache hapo kwa muda mrefu maana taa ina joto.

Lingine linaloharibika ni swali lenyewe. Nitatoa mfano, na naomba mnifuatilie kwa makini. Tunataka kujua kama watoto wanaelewa desimali. Tunauliza: ipi ni kubwa kuliko zote, 0.5, 0.45 au 0.405? Jibu ni 0.5. Darasa karibu zima linapata, mwalimu anafurahi, anaendelea. Lakini wapo watoto wanaoamini kwamba desimali yenye tarakimu chache ndiyo kubwa siku zote. Nao wamechagua 0.5! Wamepata jibu sahihi kwa wazo bovu, na swali limewaficha.

Sasa badilisheni kidogo: ipi ni kubwa kuliko zote, 0.3, 0.35 au 0.298? Anayeamini kwamba tarakimu chache ndizo kubwa atachagua 0.3. Anayezisoma desimali kana kwamba ni namba nzima, anayeona tu kwamba 298 ni kubwa kuliko 35, atachagua 0.298. Anayeelewa thamani ya nafasi atachagua 0.35. Kila jibu sasa linakuambia jambo. Hakuna programu itakayokupa hilo. Hilo linatoka kwa mwalimu anayeyajua makosa ya watoto wake. Nionavyo mimi, saa moja ya walimu wa somo moja kukaa pamoja na kutunga maswali sita ya namna hii ina thamani kuliko semina nzima ya kujifunza kubofya vitufe.

Na vyombo? Mnaweza kutumia simu za wanafunzi, vishikwambi, au rimoti ndogo za kupigia kura. Mnaweza pia kutumia kadi nne za karatasi zenye A, B, C na D, zinazoinuliwa kifuani kwa mara moja. Mtafiti Nathaniel Lasry alilinganisha rimoti na kadi za karatasi katika njia hii hii ya Mazur, na mwaka 2008 akaripoti kwamba wanafunzi wa makundi yote mawili walijifunza sawa. Faida ya rimoti ilikuwa kwa mwalimu, kwa sababu majibu huhesabika na kuhifadhiwa.

Kuna njia ya kati ambayo naipenda sana kwa madarasa makubwa. Kila mtoto anapewa karatasi yenye alama nyeusi ya mraba, ya kwake peke yake. Akiigeuza upande mmoja ni A, upande mwingine ni B, hivyo hivyo hadi D. Mwalimu anapitisha kamera ya simu yake mbele ya darasa, na programu inasoma kadi zote na kuandika nani amejibu nini. Plickers ndiyo inayojulikana zaidi. Kifaa ni kimoja tu darasani, simu ya mwalimu. Mambo ya kuangalia ni madogo lakini yanauma: usizipake kadi plastiki inayong'aa, kwa sababu mwanga wa dirisha huakisi na kamera hushindwa kusoma, zichapishe kwenye karatasi nene isiyong'aa. Wafundishe watoto kushika kadi pembeni, kidole kisifunike sehemu yoyote ya alama. Na namba ya kadi iwe namba ya mtoto kwenye orodha ya darasa, isibadilike mwaka mzima.

Nisiache kusema juu ya kusahau. Mwaka 2006 watafiti wawili wa kumbukumbu, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya wiki moja, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40. Waliojipima walikumbuka asilimia 61. Kwa hiyo anzeni kila kipindi na maswali matatu kwenye ubao au kwenye kishikwambi: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Dakika tano. Bila alama za kuingizwa kwenye ripoti, maana mtoto akiogopa alama atachungulia kwa jirani, na kuchungulia si kukumbuka.

Walimu wa sayansi wananitazama. Wanasema, sisi tunahitaji maabara. Ni kweli. Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001, alianzisha mwaka uliofuata mradi wa PhET katika Chuo Kikuu cha Colorado, unaotengeneza majaribio ya sayansi na hisabati ya kuchezea kwenye kompyuta, bila malipo. Mwaka 2005 ilichapishwa taarifa ya jaribio moja: kundi la wanafunzi lilijifunza saketi za umeme kwa programu, na kundi jingine kwa balbu na nyaya halisi. Baadaye wote wakapewa vifaa halisi wajenge saketi na kueleza. Waliojifunzia kwenye programu walifanya vizuri zaidi, hata kwenye kujenga kwa mikono. Katika programu walikuwa wanaona chembe za umeme zikipita kwenye waya, jambo ambalo waya halisi hauoneshi.

Lakini msiifanye kuwa sinema! Mwalimu akisimama mbele, akasukuma vitufe yeye mwenyewe huku darasa linatazama, nani anajibu? Hakuna. Utaratibu unaofaa ni huu. Waache wachezee kwa dakika tano bila maelekezo, maana usipowapa muda huo watauiba baadaye. Kisha toa swali la kutabiri: tukiongeza balbu ya pili katika mfuatano, ya kwanza itang'aa zaidi, itafifia, au itabaki vilevile? Waandike utabiri kwenye daftari kabla ya kugusa. Ndipo wajaribu, na waandike sentensi moja inayoeleza kwa nini. Asiyeandika utabiri atajiambia alijua tangu mwanzo, na hatajifunza chochote. Programu hizi nyingi hupakuliwa kama faili moja inayofunguka kwenye kivinjari bila intaneti, kwa hiyo ziwekeni kwenye kila kifaa mapema.

Jambo jingine ambalo chombo kinaweza na mwalimu mmoja hawezi ni kuwapa watoto 40 kazi 40 tofauti. Huko Delhi, India, watafiti waliwachunguza watoto wa shule za kati waliohudhuria vituo vya jioni na kutumia programu iitwayo Mindspark. Wengi walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka kadhaa. Mtoto wa darasa la sita aliyekuwa na ujuzi wa darasa la tatu alianzishwa la tatu. Baada ya miezi minne na nusu, waliopata nafasi katika vituo hivyo walikuwa wamewapita wazi wenzao walioikosa, katika hisabati na katika Kihindi. Taarifa ilichapishwa mwaka 2019. Kinachonigusa hapo ni uaminifu wa ile hatua ya kwanza: kumpima mtoto alipo na kukubali kwamba yuko hapo. Hata asiye na programu anaweza kuwapima watoto wake wiki ya kwanza na kuwagawa katika makundi matatu kwa saa moja ya kila siku.

Sasa tushuke kwenye nyaya, maana masomo mengi mazuri hufia kwenye soketi.

Projekta. Mtoto wa nyuma kabisa asikae mbali zaidi ya mara sita ya kimo cha picha ukutani. Picha ikiwa na kimo cha mita 1.5, mwisho ni mita 9. Ikiwa ya mita 1, mwisho ni mita 6, na waliobaki nyuma hawasomi, wanakisia. Chumba chenye mwanga wa mchana kinataka projekta ya lumeni (kipimo cha mwanga) 3,000 au zaidi. Yenu ikiwa na pungufu ya hapo, msiongeze rangi. Ongezeni ukubwa wa herufi, tumieni herufi nyeusi juu ya nyeupe, na zimeni taa zile za mbele tu. Vumbi likiziba kichujio, chombo hupata joto na kujizima chenyewe katikati ya somo; safisheni kichujio kila mwezi. Na msichomoe umeme mara baada ya kuzima. Subirini feni isimame.

Video. Uchunguzi wa mwaka 2014 wa vipindi milioni 6.9 vya kutazama masomo kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ulionesha kwamba watazamaji hushikamana zaidi na video zisizozidi dakika sita. Wale walikuwa wengi wao watu wazima waliojiandikisha wenyewe. Mtoto hatakuwa na subira kuwapita. Kateni video vipande. Toeni swali kabla ya kubofya. Na spika za kompyuta mpakato hazifiki nyuma ya chumba cha watoto 40, hivyo chukueni spika ya nje na mwende kuijaribu mkiwa mmesimama kwenye dawati la mwisho.

Mtandao. Hesabu ni rahisi: video ya ubora wa kawaida hutumia takriban megabiti moja kwa sekunde. Vishikwambi 40 vikicheza video kwa pamoja, ni megabiti 40, na ruta nyingi za nyumbani huanza kusuasua vifaa vinapopita 20 hivi hata kama intaneti yenyewe ni nzuri. Dawa yake ni kuleta maudhui ndani ya shule. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, yenye programu ya Kolibri ambayo ni ya bure, hupakua masomo mara moja mahali penye intaneti, kisha huyagawa darasani kwa Wi-Fi bila intaneti kabisa, na humwonesha mwalimu nani amefika wapi. Inapoharibika, mara nyingi ni kadi ya memori, na sababu ni umeme kukatika ghafla wakati inaandika. Iwekeeni betri ndogo ya kuihifadhi, izimeni kwa utaratibu, na wekeni nakala ya kadi nzima kabatini. Kadi mpya ikiingia, dakika tano baadaye mnaendelea.

Zimeni pia masasisho ya kujiendesha yenyewe. Vifaa vyote vikiwashwa saa mbili asubuhi na vyote vikaanza kujisasisha, mtandao umekwisha na kipindi kimekwisha. Sasisheni jioni, vifaa vichache kwa zamu.

Chaji. Kishikwambi kinachochaji huvuta kama wati 10. Thelathini ni wati 300, mzigo ambao soketi moja hubeba bila shida. Joto ndilo tatizo. Betri za lithiamu huzeeka haraka zikichajiwa ndani ya kabati lililofungwa lisilo na hewa. Toboeni matundu nyuma na juu, acheni nafasi ya kidole kati ya kifaa na kifaa. Wakati wa likizo msiviache vikiwa vimejaa wala vimekauka; viacheni karibu na asilimia 50, vimezimwa. Kila kifaa kiwe na namba, na namba hiyo iwe ya kiti. Mtoto anayetumia kifaa kilekile kila siku hukitunza, na kugawa kunachukua dakika mbili badala ya kumi. Vifaa vikiwa nusu ya watoto, wakae wawili wawili, mmoja anagusa na mwingine anaamua la kugusa, wabadilishane kila dakika tano kwa saa ya mwalimu. Msipopanga zamu, mmoja atashika kifaa hadi mwisho.

Wazazi, nanyi nina neno. Mwaka 2020 shule zilipofungwa nchini Botswana, watafiti walizigawa familia 4,500 hivi. Wengine walitumiwa ujumbe mfupi wa maandishi wenye maswali ya hesabu kila wiki. Wengine walitumiwa ujumbe na pia kupigiwa simu kwa dakika 15 hadi 20, mtu akiongea na mzazi na mtoto kuhusu hesabu zile. Ujumbe peke yake haukuleta mabadiliko ya maana. Ujumbe na simu vilileta. Simu ya kawaida tu! Kwenye simu kuna mtu anayeuliza na kusubiri jibu.

Na sasa akili mnemba, maana najua ndiyo mliyokuwa mnaisubiri. Huko Uturuki watafiti waliwachukua wanafunzi wa sekondari karibu 1,000 wakisoma hisabati. Kundi moja lilipewa programu ya mazungumzo inayojibu chochote. Wakati wa mazoezi, alama zao zilipanda kwa asilimia 48. Kisha programu ikaondolewa, wakapewa mtihani. Walipata asilimia 17 chini ya wenzao ambao hawakuwahi kuigusa. Kundi jingine lilipewa programu ileile, lakini imeelekezwa na walimu kutoa dokezo badala ya jibu, na imepewa makosa ya kawaida ya kila swali. Hao walipanda zaidi kwenye mazoezi, na kwenye mtihani hawakudhurika.

Nani alikuwa anajibu katika kundi la kwanza? Mashine. Basi mkiitumia, iandikieni maelekezo kabla ya somo: isitoe jibu kamili, iulize kwanza mwanafunzi amejaribu nini, itoe dokezo moja kwa wakati mmoja. Mtoto aandike jaribio lake la kwanza kwa mkono kwenye daftari kabla ya kufungua chombo. Kwa kazi yenu wenyewe, inafaa kutungia rasimu za maswali, lakini kokotoeni kila jibu nyinyi wenyewe, kwa kuwa huandika hesabu mbovu kwa lugha ya kujiamini kabisa. Na jina la mtoto, alama zake, ugonjwa wake, mambo ya nyumbani kwao, hayo msiyaingize humo kamwe.

Kabla shule haijanunua chochote kipya, fanyeni kipimo hiki. Mwombe mwenzako akae nyuma ya darasa akiwa na orodha ya majina. Kila mtoto anapojibu swali, kwa mdomo, kwa kadi, kwa daftari linaloonekana au kwa kifaa, aweke alama mbele ya jina lake. Kengele ikilia, hesabuni majina yasiyo na alama hata moja. Wiki inayofuata, somo hilohilo, mwalimu huyohuyo, lakini sasa na chombo mnachotaka kukinunua, kwa kuazima. Hesabuni tena. Majina matupu yasipopungua, rudisheni chombo cha watu. Karatasi zile mbili zipelekeni kwenye kikao cha manunuzi, zisomwe kabla ya bei.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa ni zamu yenu. Aliye nyuma kabisa aanze kuuliza.